Siku Ambayo Lunyiko Haikukosa Kitu

Mzee Wekoye hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Hakuwa na gari wala pikipiki, na baiskeli aliyokuwa nayo haikuwa na breki ya nyuma. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na ng'ombe wa gredi. Hakuwa na mtoto katika ofisi yoyote ya serikali, wala mpwa, wala hata mtu wa ukoo aliyefagia ofisi hiyo. Hakuwa na tai ya pili, na ile ya kwanza aliinyosha kwa kuilaza chini ya godoro na kuilalia. Lakini upungufu uliozidi huu wote ni kwamba hakuwa na neno "sina". Ukimwomba chumvi naye hana, atakwambia keti kidogo, kisha utamwona mkewe, Nabwile, akipita mlango wa nyuma na kikombe mkononi kuelekea kwa jirani.

Watu wa Lunyiko, kijiji kilichoko kati ya Chwele na Sirisia, wilayani Bungoma, walimchagua mwenyekiti wa kamati ya zahanati kwa sababu hiyo hiyo. Walisema mtu kama huyo hatawaaibisha mbele ya wageni.

Zahanati yenyewe walikuwa wameijenga kwa mikono yao. Matofali walichoma wenyewe, mchanga akina mama waliubeba kwa karai kutoka mtoni, na pesa za CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, zikaja mwishoni kununua mabati, milango na rangi. Siku ya kufunguliwa, utepe ulikatwa, watu wakapigwa picha, soda zikanywewa. Kisha serikali ikaondoka na mkasi wake. Jengo likabaki na vyumba vinne, bila nesi, bila dawa, bila kitanda. Pesa za kujenga zilitoka fungu moja, na mshahara wa nesi hutoka fungu jingine, na mafungu hayo mawili hayakuwa yamewahi kusalimiana.

Ufunguo uliwekwa na Sellah, mjane aliyefunzwa na kanisa kufunga vidonda na kuwasaidia akina mama kujifungua. Kila asubuhi alifungua, akafagia mavi ya popo, akakaa mlangoni mpaka jua lipande, kisha akafunga.

Februari mwaka wa 2005, chifu alituma habari. Timu ya kutoka makao ya mkoa ingezunguka zahanati mpya ili kutayarisha makadirio ya afya kabla ya bajeti ya Juni. Kwa pande hizi kulikuwa na nafasi ya nesi mmoja tu, kuanzia Julai, na sanduku la dawa la kila robo mwaka lingemfuata nesi huyo popote atakapopelekwa. Zahanati zilizotazamwa zilikuwa mbili: ya Lunyiko, na nyingine juu huko milimani, kupita Cheptais.

Habari hiyo ilimpata Wekoye akiwa na lake moyoni. Nangila, mke wa mwanawe Khisa, alikuwa mjamzito, na mimba mbili zilikuwa zimemtoka kabla ya hii. Mzee alikuwa ameshawaambia watu msikitini na kanisani, sokoni na kisimani, kwamba mjukuu wake atazaliwa Lunyiko, juu ya kitanda cha serikali, mikononi mwa nesi wa serikali.

Kamati ikaitwa. Sellah ndiye aliyesema kwanza.

"Mimi naona wacha wakuje watuone vile tuko. Waone popo. Waone hiyo sakafu. Si ndio wajue tuko na shida?"

"Mama Sellah," Wekoye akamwuliza, "mgeni akifika kwako, unampeleka wapi kwanza, sebuleni ama chooni?"

Watu wakacheka.

"Inategemea ni mgeni gani, mwenyekiti. Kama ni fundi wa choo, nampeleka choo."

Watu wakacheka zaidi, na safari hii Wekoye hakucheka nao. Akasimama, akashika kola ya koti lake.

"Sikizeni. Mimi nimefanya kazi miaka mingi stoo ya mbegu Kitale. Mkaguzi akija, stoo iliyopangwa vizuri, karani wake ndiye alipandishwa cheo. Ile chafu karani alifutwa. Na wakati wa harambee, serikali ilichukua shule gani? Ile iliyokuwa imeezekwa. Ile ya nyasi iliachwa ioze. Serikali haimwongezei mtu wa mikono mitupu. Inaongezea mtu ambaye ameanza."

"Sasa sisi tumeanza nini?" akauliza Nyongesa, mweka hazina.

"Tutaanza," akasema Wekoye.

Hakusema uongo kuhusu stoo wala kuhusu harambee. Aliyoyaeleza alikuwa ameyaona kwa macho yake. Ila alikuwa ameyaona zamani, na hakuna aliyemwambia kwamba siku hizi wenye bajeti walikuwa wameacha kutafuta aliyeanza, wakawa wanatafuta aliyezidiwa.

Akaenda Kitale kwa rafiki yake Thuo. Wawili hao walikuwa wamekutana kwenye stoo ya mbegu, kisha wakaketi dawati moja katika shule ya ngumbaru, chini ya taa ya karabai, wanaume wazima wenye magoti yasiyoingia chini ya meza, wakisoma kwa mwalimu aliyekuwa mdogo kuliko viatu vyao. Thuo sasa alikuwa na duka la dawa lenye friji nyuma ya soko, na vyumba viwili vya kliniki ambamo binti yake, Wangui, alifanya kazi ya unesi.

"Ati unataka friji yangu iende Bungoma kutembea?" Thuo akauliza.

"Iende isalimie wageni, irudi."

"Na Wangui pia ni friji?"

"Wangui ni nesi. Siku moja tu, bwana Thuo. Asubuhi anakuja, jioni anarudi."

Wangui, aliyekuwa akihesabia mteja vidonge, akainua kichwa. "Lakini Mzee, wakiniuliza mimi ni wa wapi nitasema aje?"

"Sema unafanya kazi. Kwani hufanyi kazi?"

Thuo akacheka mpaka akashika meza. "Haki ya nani, Wekoye, ungeingia siasa tungekuwa tumekwisha sisi wote!" Kisha kicheko kikaisha, akamtazama rafiki yake kwa muda. "Lakini una hakika? Hao watu wakija kwangu kunikadiria kodi, mimi huficha bidhaa. Siongezi."

"Hiyo ni kodi. Hii ni heshima."

Thuo akatikisa kichwa, akatoa ufunguo wa pikiapu.

Siku ya wageni, Lunyiko iliamka mapema kama boma lenye harusi. Popo walikuwa wamefukuzwa kwa moshi siku iliyotangulia. Vitanda vilitoka shule ya upili, vikiwa na namba za bweni ubavuni, na namba hizo zikafunikwa kwa shuka za kwaya. Mabenchi yalitoka kanisani. Viti vya wageni vilitoka nyumba hadi nyumba, kila kimoja kikiwa na jina la mwenyewe kwa chini, limeandikwa kwa rangi ya kucha, ili kesho pasiwe na ugomvi. Sahani hali kadhalika. Hivyo ndivyo watu wa huku wanavyopokea mgeni, na hakuna anayeona haya, kwa sababu kesho kutwa aliyeazima leo ataazimwa. Friji ya Thuo, ya kutumia gesi, ikasimamishwa kwenye chumba cha chanjo. Katoni za dawa zikapangwa kwenye rafu na maandishi yakitazama mbele, na nusu yake zilikuwa tupu.

Hata wagonjwa walipangwa. Sellah aliambiwa aketi kwenye benchi la kwanza na ajifunge kitambaa kichwani.

"Niugue nini, mwenyekiti?"

"Chochote kisicho na harufu."

Nangila aliwekwa katika foleni ya akina mama wajawazito. Huyo ndiye mgonjwa pekee ambaye hakuwa akiigiza, na Wangui, ambaye hakujua kuigiza, alimpima kweli. Akafunga kile kitambaa cha kupimia mkononi mwake, akakipuliza, akasikiliza, akakifungua, akakifunga tena. Kisha akatoka nje, akamvuta Wekoye kando ya ukuta.

"Mzee, huyu dada presha yake iko juu, na mimba bado changa. Lazima awe anapimwa kila mwezi. Asikae hivi hivi."

"Atapimwa," akasema Wekoye, macho yake yakiwa barabarani ambako vumbi la gari lilikuwa limeanza kuonekana. "Nesi anakuja Julai."

Timu iliongozwa na Bi. Cherop, mama mrefu wa miwani, mpole, mwenye viatu vya kutembelea. Alipita chumba kwa chumba. Aligusa kitanda. Alifungua friji akasikia ubaridi. Alimwuliza Wangui akina mama wangapi wamejifungua hapo mwezi uliopita, naye Wangui akababaika, Wekoye akajibu kwa niaba yake kwamba wanaongezeka. Bi. Cherop akaandika. Kila alipoandika, Wekoye alihisi kama mtu anayeona mbegu ikiingia shimoni.

Chakula kikaletwa. Kuku alikuwa amepikwa vizuri, na firigisi yake, ambayo katika boma lolote la Kibukusu humfikia mwanamume mkubwa kuliko wote, ilikuwa juu kabisa ya sahani. Nyongesa akaitazama firigisi, akamtazama mwenyekiti. Wekoye akaichukua kwa kijiko akaiweka mbele ya Bi. Cherop. Jikoni, wanawake wazee waliokuwa wakichungulia wakaziba midomo.

"Mzee, mbona unanipa kitu ya wazee?" Bi. Cherop akauliza akitabasamu.

"Leo wewe ndiye mzee wa boma."

"Kwetu nikirudi niseme nimekula hii watanifukuza!"

Wote wakacheka, hata dereva. Mambo yalikuwa yamekwenda vizuri kuliko alivyoota. Basi Bi. Cherop alipomaliza kula alinawa mikono, akafungua faili yake juu ya goti, akavua miwani, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetaka kusaidia:

"Sasa niambie, Mzee. Tumeona, na mmetupendeza. Lakini kuna sehemu hapa ya mwisho lazima ijazwe na maneno yenu wenyewe. Nyinyi hapa mnakosa nini?"

Sellah, kwenye benchi, alifungua kitambaa kichwani akakishika mkononi. Wangui aliangalia sakafu. Nyongesa alijifanya kutafuta kijiti cha meno. Kila mtu pale alijua jibu, na jibu lilikuwa fupi. Wekoye alilisikia likipanda kifuani. Lakini lilipofika kooni lilikuta mlango umefungwa, kama ulivyofungwa miaka yote. Angewezaje? Mgeni ameketi kwenye kiti kizuri, ameshiba, amekula firigisi, halafu umwambie kiti si chako?

"Hatukosi kitu, mama," akasema. "Tumejikokota wenyewe mpaka hapa. Serikali ikitaka kutuongezea, mikono yetu iko wazi."

Bi. Cherop akavaa miwani, akaandika nusu ya kwanza ya jibu hilo.

Jioni friji ilirudi Kitale, na Wangui, na katoni. Vitanda vilirudi bwenini. Akina mama waligeuza viti, wakasoma majina, wakabeba.

Bajeti ilisomwa Juni, na Wekoye akaisikiliza yote redioni, amevaa tai. Waziri alitaja mabilioni ya afya. Hakutaja Lunyiko, lakini hilo halikumshtua mzee. Alijua majina madogo huja baadaye, yakitembea kwa miguu. Yalikuja Julai, katika baraza la chifu. Chifu alisoma karatasi akiwa amesimama. Nesi mmoja na sanduku la dawa: zahanati ya juu ya Cheptais, ambako timu iliikuta sakafu tupu na mwanamke aliyejifungulia juu ya gunia.

"Na Lunyiko?" Nyongesa akauliza.

Chifu akateremsha kidole. "Lunyiko. Kituo kiko katika hali nzuri, kina mhudumu, hakina mahitaji ya dharura. Kimetengewa mtungi wa gesi wa friji ya chanjo."

"Friji gani?" akauliza mtu wa nyuma.

Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha.

Mtungi wenyewe uliletwa Agosti, mpya, umejaa. Dereva alitaka saini, Wekoye akatia. Walikuwa wamengoja nesi, na sasa Sellah akawa anafagia kuuzunguka mtungi. Sokoni Chwele, wauza vitunguu walipata mchezo. "Mwenyekiti! Gesi yenu bado iko baridi?" "Mwenyekiti, tuazime mtungi tukapikie wageni, bana!" Wekoye aliwasalimu kwa kuinua kofia, akapita.

Kumpeleka Nangila kupimwa katika hospitali ya Bungoma mjini kila mwezi kulihitaji siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi. Khisa alimpeleka mara moja. Mara ya pili baba yake alimwambia asubiri, Julai imekaribia. Baada ya Julai, mzee hakusema lolote tena juu ya jambo hilo, na Khisa alikuwa kwenye vibarua vya miwa, na Nangila mwenyewe alisema ni miguu tu imevimba, ni kawaida.

Ilikuwa Septemba, siku ya soko, asubuhi yenye mvua. Nangila alilalamika kichwa, kisha akasema haoni vizuri, kisha akaanguka jikoni, mwili ukakakamaa na kutetemeka. Nabwile alipiga kelele. Wakambeba kwenye blanketi, Khisa na majirani, na kwa sababu mvua ilikuwa kubwa wakaingia naye zahanati, mahali palipokuwa karibu. Sellah akafungua mlango. Akatandika gunia sakafuni. Ndani hamkuwa na kitu kingine ila mtungi wa gesi, na Wekoye, akitafuta mahali pa kuweka kofia yake iliyolowa, aliiweka juu ya mtungi huo bila kufikiri, kisha akaiondoa kana kwamba imemchoma.

"Sellah, fanya kitu!" Khisa akasema.

"Mimi si nesi, mwanangu. Hii inataka sindano. Inataka daktari. Toeni yeye hapa, mkimbie!"

Bodaboda za siku zile zilikuwa baiskeli, na mgonjwa anayetetemeka hawezi kukalishwa kwenye keria. Walitoka barabarani. Pikiapu zilipita moja baada ya nyingine kuelekea Chwele, zimejaa kabichi, ndizi, ndama waliofungwa miguu, na madereva walionyesha kwa mikono kwamba hakuna nafasi. Mwishowe ilisimama moja. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara kutoka milimani, jina lake Kiplagat, ambaye hawakuwahi kumwona wala hawakumwona tena. Alitazama blanketi, akashuka, akafungua nyuma, akaanza kumwaga magunia yake ya vitunguu kwenye tope, yeye mwenyewe, bila kuulizwa neno.

Bungoma walimpokea upesi. Nangila aliishi. Mtoto, wa kiume, alikuwa ametangulia kufa.

Muuguzi aliyekuwa akiandika habari za mgonjwa alikuwa mama wa makamo, mchovu, asiye na ubaya wowote. Aliuliza wanatoka wapi. Wekoye akamwambia.

"Lunyiko?" Akaacha kuandika. "Si huko mko na zahanati mpya? Mimi niliona kwa orodha. Kitanda, nesi, friji. Mbona hamkuanzia hapo, Mzee? Angepewa sindano ya kwanza, saa hii pengine tunaongea mengine."

Wekoye alifungua mdomo. Khisa, aliyekuwa ameegemea ukuta na tope la barabarani mpaka magotini, alimtazama baba yake, akangoja asikie atakalosema. Mzee alipepesa macho, akainamisha kichwa, na muuguzi akadhani ni majonzi, akamshika bega.

Nje, Khisa alisema sentensi moja tu. "Baba, uliwaambia hatukosi kitu." Baada ya hapo hakuzungumza na baba yake tena, ila yale ya lazima, kama kupisha ng'ombe.

Mtoto alizikwa nyuma ya migomba, bila jina, kama ilivyo desturi.

Kamati ilikutana baada ya mazishi. Nyongesa alikuja na wazo, na alikuwa amelifikiria vizuri.

"Tuandike barua kwa mkoa. Tuseme nesi wetu alihamishwa, na friji ikaibwa. Hapo watatuma wengine haraka. Tukisema ukweli, kwanza watatucheka, pili watatushtaki kwa kudanganya serikali, tatu hatutapewa kitu mpaka tufe."

"Hiyo ni akili," mjumbe mmoja akasema.

"Mwenyekiti ana kalamu nzuri. Aandike yeye."

Wote wakamtazama Wekoye. Barua hiyo angeweza kuiandika usingizini. Ilikuwa barua inayomfaa: Lunyiko ilikuwa na vitu, vimepotea kwa bahati mbaya. Hakuna aibu ndani yake mahali popote. Tena pengine ingefanya kazi.

"Na wakiuliza jina la huyo nesi aliyehamishwa?" akauliza Sellah.

"Tutatunga."

"Na mtoto wa Nangila naye mtasema alihamishwa?"

"Wewe mama, wacha hivyo," Nyongesa akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Wekoye akachukua kofia yake. "Nitaandika," akasema. "Lakini siyo hiyo."

"Basi muhuri wa kamati hautatumika," Nyongesa akamwambia. "Uko kwangu, na utabaki kwangu. Ukitaka kujivua nguo, jivue peke yako."

"Kaa nao."

Aliandika nyumbani mchana, kwenye meza ndogo chini ya ukumbi, na tai hakuvaa. Alianza mara nyingi. Mwalimu wa ngumbaru alikuwa amewafundisha kwamba barua rasmi huanza kwa heshima na kueleza madhumuni, naye alijua maneno mengi ya heshima, na kila alipoyaandika aliona yanamsogeza mbali na lile neno moja. Akayakata yote.

Nangila alikuwa ameketi kwenye jua mlangoni pa jiko, shali mabegani, macho yake yakiwa bado mazito. Alikuwa hajamwuliza mkwewe swali lolote tangu atoke hospitali.

"Papa, unaandika nini?"

"Barua ya serikali."

"Na mimi niko ndani?"

Kalamu ikasimama. "Ukikataa sitakuandika."

Nangila akafikiri. "Mimi usiniandike. Yeye mwandike. Andika tu kwamba alikuwa."

Wekoye akainama, akaandika mpaka mwisho bila kuinua mkono. Barua ilisema hivi:

*Kwa Mkuu wa Makadirio ya Afya, Mkoani.*

*Mimi ndiye uliyeniuliza, mama, mwezi wa Februari, tunakosa nini. Nilikujibu vibaya. Jibu langu ni hili. Hatuna nesi. Hatuna dawa. Hatuna kitanda. Hatuna friji, na mtungi mliotuletea umekaa hapa bila kazi. Mwaweza kuuchukua uwafae wenye friji. Hatuna kipimo cha presha. Kiti ulichokalia kilikuwa cha jirani, na sahani pia. Nesi uliyemwona alikuwa mgeni kama wewe, aliletwa na mimi, msimtafute. Watu wa Lunyiko walifanya nilivyowaambia. Mmoja alinionya nikamfanya kichekesho.*

*Nesi mliyempeleka Cheptais abaki huko, alihitajika. Siombi anyang'anywe mtu.*

*Septemba mtoto wa kiume wa hapa alizaliwa Bungoma akiwa si hai. Alikuwa mjukuu wangu. Mama yake alitakiwa kupimwa kila mwezi na hapakuwa na wa kumpima. Naandika ili katika karatasi zenu aonekane kwamba alikuwa, kwa sababu katika karatasi zenu alitoka mahali pasipokosa kitu.*

*Mkiona vema kunishtaki, napatikana. Lakini nesi asingoje kesi.*

*Wekoye, Lunyiko.*

Bahasha ilikuwa ya zamani, imekaa sandukuni mpaka gundi yake imekufa kwa unyevu. Aliilamba, ikafunguka. Akailamba tena, ikafunguka. Nabwile, aliyekuwa akimtazama muda wote, aliingia jikoni akarudi na tonge la ugali wa moto. Alilipaka kwenye ukingo wa bahasha kwa kidole gumba, akaikunja, akaibana chini ya kiganja chake mpaka ikapoa.

Wekoye akaipeleka Chwele kwa miguu. Wauza vitunguu walimwona. "Mwenyekiti! Gesi yasemaje?" Akasimama safari hii.

"Hatuna friji," akawaambia. "Hatujawahi kuwa nayo." Wakatazamana, kisha wakarudia vitunguu vyao.

Kwenye dirisha la posta alikuwako Peris, msichana aliyewajua wazee wote kwa jina. Alipima barua, akasoma anwani.

"Ya makadirio? Aki Mzee, umechelewa. Bajeti si ilisomwa Juni. Hii itakaa huko mpaka watu waanze kupanga ya mwaka ujao, na hiyo ni kama wataifungua."

"Najua."

"Sasa haraka ni ya nini? Ungengoja Januari."

"Bandika stempu, mwanangu."

Peris akabandika stempu, akagonga muhuri wa posta juu yake, akageuza bahasha akitazama ukingo wake mweupe, ulioanza kukauka. Akaitupa ndani ya gunia pamoja na nyingine, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba.